Nimerudi Mwanza na rangi yangu

Ndugu waliokuja kunipokea uwanja wa ndege walitegemea kumwona mtu mweupe. Baada ya salamu na machozi, mama mdogo alinishika mashavu yote mawili, akanigeuzageuza kwenye mwanga: "Mwanangu, Marekani yote hiyo na hujatakata? Huko hakuna mafuta mazuri?" Nikamwambia, "Yapo, mama, ila rangi yangu naipenda." Alinikumbatia tena, lakini nadhani hakuridhika. Swali hilohilo nimeulizwa soko la Kirumba, nimeulizwa kanisani, nimeulizwa na mwanamke niliyesoma naye shule ya msingi. Wote wananipenda, na ndiyo maana linaniuma.

Niliishi Minneapolis, jimbo la Minnesota, nikihudumia wazee. Miaka ya mwanzo, ukiwa mweusi wa Usukumani ukaingia duka la vipodozi kule, ulijua papo hapo kwamba waliopanga zile rafu hawakukuwaza. Poda zilianza na rangi ya maziwa, zikashuka mpaka kahawia hafifu, basi. Ukijipaka ile ya mwisho unageuka kijivu. Kazini msimamizi aliniita pembeni akaniambia nywele zangu, zilizokuwa safi na zimechanwa vizuri, nizilaze kidogo maana wazee wangeshtuka. Bibi niliyekuwa namwogesha kila asubuhi hakushtuka hata siku moja. Alikuwa akizigusa na kuuliza kama nimesuka mwenyewe.

Mahali nilipojisikia mwenyeji palikuwa saluni ya kusuka ya akina mama wa Afrika Magharibi. Wao Kifaransa na Kibambara, mimi Kiswahili na Kiingereza cha kuungaunga. Lakini ukikaa kwenye kile kiti, mkono unaingia kichwani tayari unajua njia. Hakuna anayekuuliza nywele hizi zinaoshwaje, wala anayeomba kuzishika kama kitambaa cha dukani. Jumamosi nzima inapita hapo, watoto wanalala kwenye makochi, sahani ya wali inazunguka. Kwangu kukubalika ndiko huko: kukaa mahali bila kutakiwa kujieleza.

Mengine yalikuja baadaye, nayo nayaheshimu. Mwaka 2016 Halima Aden, Msomali aliyezaliwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma nchini Kenya, alipanda jukwaa la Miss Minnesota USA na hijabu yake. Wenzangu wa zamu waliotoka Somalia walikuwa wakionyeshana picha zake kwenye simu chumba cha chai, na sijawahi kuwaona wakiwa wamenyooka mabega vile. Mwaka uliofuata mwimbaji Rihanna akatoa vipodozi vyake vya Fenty Beauty, poda ya maji ya rangi 40 kwa mpigo, na kampuni nyingine zikalazimika kuongeza za kwao. Nakumbuka nilivyojipaka kwenye taya pale dukani, rangi ikapotea kwenye ngozi kabisa. Mwaka 2023 Minnesota ikapitisha sheria ya CROWN, iliyoanzia California mwaka 2019, inayokataza kumbagua mtu kwa sababu ya nywele za asili, misuko au rasta.

Ila mtu ninayemtaja zaidi nikisimulia ya huko ni Amira Adawe, mwanamke mwenye asili ya Somalia anayefanya kazi ya afya ya jamii palepale Minnesota. Idara ya afya ya jimbo ilipopima krimu za kung'arisha ngozi mwaka 2011, baadhi zilikutwa na zebaki. Zebaki huharibu figo, na haibaki kwa aliyejipaka: inahamia kwenye taulo, kwenye shuka, kwa mtoto anayenyonya. Adawe aliwafuata akina mama na kuzungumza nao, akaanzisha shirika la Beautywell, na mwaka 2019 kampeni yao ilichangia Amazon kuondoa bidhaa 15 za aina hiyo sokoni kwake. Wahamiaji wenyewe ndio waliosimama kulinda ngozi zao.

Sasa narudi nyumbani, nakuta binti wa kaka yangu anajiandaa kwa send-off. Mtoto mweusi mororo, ana shingo ndefu ya kwao. Siku ya kujaribu mapambo, mpambaji, ambaye mkono wake ni mzuri kweli, akampaka poda ya maji ya rangi ya karanga zilizomenywa. Uso ukawa wa mtu mwingine, masikio na shingo vikabaki vyake. "Bi harusi lazima ang'ae," akasema, "kamera haipendi giza." Jirani mmoja tayari alikuwa amempa ushauri wa kutumia mkorogo mwezi mmoja kabla.

Mkorogo tunaujua. Krimu zinachanganywa kwenye kopo lisilo na jina, na ndani yake huwa mna haidrokwinoni, zebaki, dawa za steroidi. TBS, shirika la viwango la nchi yetu, inazikamata na kuziteketeza, kesho zipo tena mezani. Haidrokwinoni inazuia ngozi kutengeneza melanini, kinga yetu dhidi ya jua, na jua la Kanda ya Ziwa halina huruma. Ukiitumia miaka mingi ngozi inaweza kutoka madoa meusi ya samawati, ya kudumu.

Nilimkumbusha yule binti kuhusu Flaviana Matata, wa hapo jirani Shinyanga. Mwaka 2007 aliiwakilisha Tanzania kwenye Miss Universe kule Mexico akiwa na kipara na rangi yake, akaingia kumi bora. Kipara hicho ni kichwa cha kila msichana wa shule zetu. Tulimpigia makofi, halafu tukarudi kuwapaka binti zetu rangi za watu wengine.

Tulizunguka mjini maduka kadhaa mpaka tukapata rangi yake. Nilimpelekea mpambaji na kumwomba kwa heshima ajaribu tu, asipopenda afute. Alipaka upande mmoja, akarudi nyuma, akatazama kimya, kisha akamalizia upande wa pili. Akapiga picha ya kopo.

Wapambaji wa Mwanza, Shinyanga na Geita mnaowapamba mabinti weusi kwa rangi zao, niandikieni hapa mlipo na bei zenu. Binti yetu ana rafiki zake wanne wanaoolewa kabla ya Desemba, na wote wameniomba majina.