Leo diski imelala bila kulia

Jamani, bado mikono inanitetemeka.

Mnaijua ile Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo ya bodi moja, inayotunza masomo ya watoto hapa Busia. Kila umeme ukikatika, diski yake ilizimika ghafla na kulia "tak!" Ni vichwa vya kusomea vikikimbizwa mahali pake kabla sahani zinazozunguka ndani ya diski hazijasimama. Mlio huo ulinikosesha usingizi.

Isitoshe, milango yote ya USB ya Pi 4 hutoa ampea 1.2 tu kwa jumla, na diski inapoanza kuzunguka huweza kuvuta karibu ampea nzima peke yake. Basi nikaipa laini yake ya volti 5, katikati nikaweka mosfeti, yaani swichi ya kielektroniki, inayoamriwa na pini ya GPIO, ile ambayo programu huweza kuiwasha na kuizima.

Leo jioni mvua, radi, giza.

Betri ya akiba ikashika. Programu yangu ikafuata mpango: andika kilichobaki, itenganishe diski na mfumo, iamuru isimame, subiri. Kukata umeme wa diski ni mwisho kabisa!

Nilikuwa nimeweka kidole juu ya diski. Nikausikia ule mtetemo ukififia polepole, kama mtoto anayesinzia mgongoni. Kisha kimya. Ndipo taa yake ikazimika.

Hakuna "tak".

Nimekaa gizani dakika nzima, kidole palepale.

Mimi nasubiri sekunde 10 kabla ya kukata. Wenzangu mnaofanya kazi hii, ninyi mnasubiri ngapi? Na kuna anayetumia rilei, swichi ya sumaku, badala ya mosfeti? Niambieni hapa chini.