Mahamri, hamira na baridi ya Njombe: nilivyoupanga mwaka wangu

Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Nilipokuwa Tanga sikuwa na sababu ya kulifahamu hilo, maana chupa yangu ilimiminika karibu mwaka mzima. Hapa Njombe nayachota kwa kijiko, Januari hadi Disemba, na nimeacha kuyaweka kwenye chupa ya mdomo mwembamba.

Nilihamia huku kumfuata mume wangu aliyekuja kwenye biashara ya mbao, nami nikaja na kazi niliyoijua: mahamri. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kwa kila mita 1,000 unazopanda joto hupungua kwa takriban nyuzi 6. Toa nyuzi 12 kwenye joto la Tanga, utapata Njombe. Mwezi wa saba usiku hapa hushuka chini ya nyuzi 10, na nyumba nyingi hazina kitu chochote cha kupasha joto ila jiko la kupikia. Ndiyo maana baridi hii unaisikia zaidi ndani kuliko nje. Mchana utaona watu wameanika migongo juani, nyumba ziko tupu.

Unga uliokandwa nao unaisikia. Tanga nilikanda saa 10 alfajiri, na kabla watoto wa shule hawajapita ulikuwa umeumuka. Hapa, mwezi wa sita, ungengoja hadi adhuhuri. Wauzaji wengi huzidisha hamira, na andazi linanukia pombe. Mimi nilikwenda kinyume: nikapunguza hamira hadi kama nusu, nikawa nakanda usiku baada ya kula, nafunika beseni kwa blanketi kuukuu na kuliacha jikoni. Unga unaumuka polepole usiku kucha, na alfajiri unakuta uko tayari. Ladha yake, niseme ukweli, imepita ile ya Tanga. Dada yangu hakubali, lakini hajala.

Sharti ni moja: tui lazima liwe vuguvugu. Ukilitia la baridi, mafuta yake yanaganda humo humo na unga unakuwa na vidonge vidonge. Hata chombo cha kukandia nakisuuza kwanza kwa maji ya moto. Nazi zenyewe zinapanda na magari kutoka pwani na bei yake si mchezo, kwa hiyo sitaki ipotee hata moja. Faida ni kwamba tui la hapa halichachi haraka.

Kilichonichukua muda zaidi kukielewa ni mvua. Mtu wa Tanga ana masika na vuli, misimu miwili yenye nafasi katikati. Huku msimu ni mmoja tu. Unaanza mwishoni mwa Novemba na kuendelea hadi Aprili, pengine Mei ikiingia, na humo zinashuka zaidi ya milimita 1,000. Mama mwenye nyumba, Mbena wa hapa hapa, alinikuta mwaka wa kwanza nikiuliza vuli itakwisha lini. Alicheka sana. "Mwanangu," akasema, "hapa ikianza, imeanza. Kuni umeweka?"

Basi kuni ndiyo habari yote. Huku tunatumia kuni za miti ya miwati na mabanzi, yaani zile kingo za magogo zinazobaki kwenye mashine za mbao. Mabanzi mabichi au yaliyolowa yanafuka moshi tu, na mafuta ya karai hayashiki moto wa kutosha. Andazi linakunywa mafuta. Siku hizi nanunua Agosti na Septemba, wakati wa ukame, nayapanga chini ya paa yakiwa yamesimama ili upepo upite, na nakuwa na ya kunifikisha Aprili. Unga nao siuweki sakafuni. Magunia yanakaa juu ya mbao, mbali na ukuta, maana Februari hata chumvi inalowana.

Mvua ya huku ina adabu kidogo. Mara nyingi asubuhi ni kweupe, mawingu yanajikusanya mchana, radi zinaanza, na alasiri inamwagika. Kwa hiyo kuanzia Disemba nauza asubuhi hadi mchana tu, saa 8 nakunja meza. Sifanyi biashara na jioni ya Februari. Jioni hizo wateja wenyewe wana shughuli nyingine, kwani mvua ndiyo msimu wa ulanzi, pombe inayogemwa kwenye mianzi, na sijaona andazi linaloshindana na ulanzi.

Mvua ikikatika, usidhani unapata jua. Mwezi wa sita na wa saba pepo za kusi zinatoka baharini, zinapanda hizi nyanda za juu, zinapoa na kuwa ukungu na manyunyu. Julai jua linachomoza karibu saa 1 asubuhi, na siku nyingine hulioni hadi saa 4. Nguo zinakaa kambani siku mbili na bado mifuko na mishono ina maji. Nikamalizia kuzikaushia jikoni, zikawa na harufu ya moshi, na sasa naona kila mtu mjini ana harufu hiyo hiyo kwa hiyo haisumbui. Siku mawingu yakiondoka usiku, hapo ndipo baridi inakuwa ya kweli: joto la ardhi linapaa bila kifuniko, hewa nzito inateremkia mabondeni, na asubuhi majani ya viazi yameungua kwa sakitu, yaani umande ulioganda. Upande wa Makete, na hasa Kitulo kwenye mita 2,600, hilo ni jambo la kawaida.

Kuhusu joto la ndani, nina msimamo usio na mjadala. Jiko la mkaa halilali chumbani kwangu. Hewa yake ya sumu haina harufu, na ukiwa umefunga dirisha kwa ajili ya baridi huamki. Badala yake najaza maji ya moto kwenye chupa ngumu, naifunga kwa kanga na kuitia miguuni, soksi juu yake, mablanketi mawili. Masweta ya mtumba ya Njombe ni mazuri kuliko popote nilipopita. Makoti mazito ambayo Tanga yasingeguswa hapa yanagombewa.

Oktoba ni mwezi mfupi wa raha, ingawa una vumbi jekundu na moshi wa mashamba yanayochomwa. Jua la kwenye mwinuko huu linaunguza ngozi hata kama hewa ni ya baridi, kwa hiyo kofia navaa. Unga pia unabadilika: ule wa kukanda usiku, kufika alfajiri umezidi na umeanza kusinyaa. Nasogeza kukanda hadi kabla ya kulala, saa 5 hivi, na hamira napunguza tena kidogo, hadi manyunyu ya kwanza ya Novemba.

Mtu akiniuliza ahamie lini, namwambia Mei mwanzoni. Barabara za mitaani zimeanza kukauka, viazi ni vingi sokoni, na una wiki chache za kununua blanketi kabla bei haijapanda.