Zinki, taa ya kusafishia maji na hewa ya masika

Jani la elektroskopu, kifaa kinachoonyesha chaji ya umeme kwa kuinuka kwa jani lake jembamba, lilikuwa likianguka hata kabla taa haijawashwa. Ilikuwa Jumamosi ya masika, Tanga, kwenye maabara ya shule ya sekondari niliyokuwa nikifundisha fizikia. Vijana wa kidato cha sita walikuwa wameshaunakili mlinganyo wa Einstein wa mwaka 1905: nishati ya elektroni inayotoka kwenye metali inayomulikwa ni hf (h ni namba isiyobadilika ya Planck, f ni masafa ya mwanga), ukiondoa kazi ya kuing'oa. Walitaka kuona, na mimi nilitaka waone kuliko wao. Mlinganyo huo tunaufundisha kama amri. Mwanafunzi anaingiza namba, anapata alama zake, na anaondoka bila kujua ni kitu gani kiliwalazimisha wanafizikia kuacha mawazo waliyoyaamini kwa miaka mingi.

Jaribio lenyewe ni la zamani. Mwaka 1887, Heinrich Hertz akiwa Karlsruhe aliona cheche za kipokeo chake zikiruka kwa urahisi zaidi zikimulikwa na urujuanimno, mwanga usioonekana wenye masafa ya juu kuliko zambarau. Mwaka uliofuata Wilhelm Hallwachs akatumia bamba la zinki lililounganishwa na elektroskopu: likiwa na chaji hasi, mwanga huo huimaliza upesi, likiwa na chaji chanya, jani halitikisiki. Vifaa hivyo vinapatikana popote.

Elektroskopu yetu ilikuwa chupa ya jemu yenye kizibo cha koki, waya wa shaba wa milimita 2 uliopenya kizibo, uliovuliwa ganda na kukunjwa ncha ya chini, na jani la foili iliyobanduliwa kwenye karatasi ya pakiti ya sigara, upana milimita 5, urefu sentimita 4. Foili ya jikoni nayo hufaa, ila ni nzito na huinuka kivivu. Zinki tuliipata kwenye betri kubwa za tochi zilizokwisha. Gamba la betri za kaboni za bei rahisi ni zinki yenyewe. La betri za alkali ni chuma, na halitakufaa. Chagua betri ambayo haijavuja, maana ile iliyovuja zinki yake imeshaliwa na matundu. Unakata gamba, unaosha uji mweusi kwa maji mengi huku umevaa glavu, unalinyoosha kwa nyundo juu ya ubao, unabaki na kipande cha sentimita 5 kwa 5, ndilo bamba linalokaa juu ya waya.

"Madam, mbona linaanguka lenyewe?" aliuliza msichana aliyeshika saa.

Swali hilo lilistahili asubuhi nzima, na ndilo lililoichukua. Chaji inayovuja kupitia kizibo na chaji inayoondoka kwa sababu ya mwanga zinaonekana sawasawa kwenye jani. Asiyeziba njia ya kwanza hana haki ya kusema lolote kuhusu ya pili. Tukapiga hesabu ubaoni. Elektroskopu ndogo kama ile ina kapasitensi, yaani uwezo wa kuhifadhi chaji, ya pikofaradi 10 hivi. Ukinzani wa kizibo ukiwa megaomu elfu moja, namba inayosikika kubwa mno, muda wa kuvuja ni sehemu moja ya mia ya sekunde. Ili jani lisimame kwa dakika moja na zaidi, ukinzani unatakiwa ufike omu 10¹³. Kizibo cha koki au cha mbao wakati wa masika hakiwezi kukaribia hapo. Kinafyonza maji, na juu ya kioo cha chupa nacho unatanda utando wa unyevu usioonekana kwa macho.

Fundi wa maabara, mzee tuliyezoea kumwita Babu, aliitoa koki na kuikandamiza kwa kidole gumba. "Mwalimu, hii imeshiba maji. Tuweke kifuniko cha plastiki, na waya tuuzungushie ule utepe mweupe wa mafundi bomba."

Utepe ule ni tefloni, miongoni mwa vihami bora kabisa, na maji hayaushiki. Babu alitoboa kifuniko, akauzungusha utepe kwenye waya mpaka ukakaza tunduni, akiushika kwa kibanio maana jasho la vidole lina chumvi na chumvi inapitisha umeme. Ndani ya chupa tukaweka vipakiti vya silika vya kufyonza unyevu, vile vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, vikiwa vimekaushwa kwanza juu ya jiko. Kisha draya ya saluni: chupa, kifuniko, bomba la PVC, hata kitambaa cha sufu cha kusugulia, vyote vikapata hewa ya moto. Watu wengi hukausha elektroskopu na kusahau kitambaa, halafu wanashangaa bomba halishiki chaji.

Tukalisugua bomba, tukaliburuza ukingoni mwa bamba. PVC ikisuguliwa kwa sufu huwa na chaji hasi. Safari hii jani lilipanda likatulia, na baada ya dakika tatu lilikuwa limeshuka kidogo tu. Kipimo hicho tukakiandika kwanza, kabla ya kingine chochote. Pasipo hicho, vingine vyote havina thamani.

Taa ilikuwa ya kusafishia maji, ya zebaki ya shinikizo dogo, wati 8. Nuru yake kubwa iko kwenye nanomita 254, na gamba lake ni la kwatzi ili nuru hiyo ipite. Hapa sibembelezi mtu. Taa hii huchoma macho na ngozi bila maumivu yoyote ya papo hapo. Saa kadhaa baadaye macho yanawasha kama yamejaa mchanga. Tuliifungia ndani ya boksi la bati lenye dirisha dogo linaloelekea bamba tu, wanafunzi wote wakiwa nyuma ya boksi, na swichi ikizimwa kabla mkono wa mtu haujasogea.

Msasa ndiyo hatua inayopuuzwa kuliko zote. Zinki ikikaa hewani hujifunika utando wa oksidi, na utando huo huzuia elektroni kutoka. Bamba lisiloguswa tangu jana litakaa mbele ya taa na jani lisisogee, mtu akadhani taa ni mbovu. Tulilisugua kwa msasa laini mpaka likang'aa, tukalichaji, tukawasha taa ikiwa sentimita 10 kutoka kwenye bamba.

Jani lilianguka ndani ya sekunde chache, mfululizo, bila kusita.

Tukachaji tena. Safari hii nilichomoa kioo kimoja cha luva dirishani, nikakisimamisha kati ya taa na bamba. Mtu anakiona kioo kile kuwa kitupu kabisa, lakini nanomita 254 haziwezi kukipenya. Jani likasimama. Taa ikazimwa, kioo kikaondolewa, taa ikawashwa: jani chini. Tulirudia hadi kila aliyekuwa na shaka akaridhika, tukilisugua bamba upya kila lilipoanza kufifia.

Kisha tukawasha taa ya halojeni ya wati 1000, ile ya wapiga video wa harusi, inayokuchoma uso ukiwa mbali. Taa hiyo lazima iwe na kioo chake cha mbele, kwa sababu balbu ya halojeni ni ya kwatzi na bila kioo huvujisha urujuanimno kidogo, ukaharibu jaribio. Wati 1000 dhidi ya wati 8, na jani halikusogea. Tukamulika kwa tochi ya leza nyekundu. Hakuna kitu.

Fizikia ya mawimbi haina jibu hapo. Kwa mujibu wake nishati ya mwanga inatokana na ukali wake, na mwanga mkali unapaswa kuzitikisa elektroni mpaka zitoke, rangi iwe yoyote. Kwa Einstein, mwanga hutoa nishati kwa mafungu, tunayoyaita fotoni, na ukubwa wa kila fungu unatokana na masafa peke yake. Gawanya 1240 kwa urefu wa wimbi katika nanomita, unapata nishati ya fotoni moja kwa kizio cha elektrovolti. Taa ya zebaki: 4.88. Leza nyekundu ya nanomita 650: 1.91. Zinki inadai kama 4.3 ili elektroni ing'oke. Leza ya miliwati 5 hutema fotoni zipatazo 1.6 × 10¹⁶ kila sekunde, na hakuna hata moja inayofikia dai hilo. Kwa mwanga wa kawaida, elektroni haiwezi kukusanya fotoni tatu ikazijumlisha.

Kijana mmoja alisema pengine mwanga dhaifu unahitaji kusubiriwa tu. Hoja nzuri, na ina hesabu yake. Chukua mwanga wa miliwati moja kwa kila mita ya mraba, na atomu yenye nusukipenyo cha mita 10⁻¹⁰. Kama nishati ingemiminika kidogo kidogo kama wimbi, atomu ingehitaji zaidi ya saa sita kukusanya elektrovolti 4.3. Tukaisogeza taa ya zebaki nyuma hadi mita moja. Jani lilishuka polepole zaidi, ila lilianza kushuka palepale taa ilipowaka. Mwanga hafifu ni fotoni chache, na kila moja ina nishati ileile.

Pingamizi kali kuliko yote lilitoka kwa msichana wa saa. "Tutajuaje kama taa haiivurugi hewa tu, ikaifanya ipitishe umeme?" Kwa kweli nililisubiri swali hilo kwa hamu. Hewa ikipitisha umeme, itamaliza chaji ya aina yoyote. Kwa hiyo tukalichaji bamba chanya: unasogeza bomba karibu bila kugusa, unaligusa bamba kwa kidole, unaondoa kidole kwanza, ndipo unaondoa bomba. Ukianza kuondoa bomba, chaji yote inarudi kidoleni. Taa ikawaka, jani likabaki juu. Elektroni zinazong'olewa kwenye bamba chanya huvutwa kurudi palepale, na hewa haikuwa imefanya lolote.

Mvua ilikatika saa saba mchana, jua likatoka. Babu akaleta utepe wa magnesi kutoka stoo ya kemia. Magnesi inadai kama 3.7, yaani mwanga wowote chini ya nanomita 335 hivi unatosha. Zinki inataka chini ya 288, na sehemu hiyo ya mwanga wa jua karibu yote hunyonywa na ozoni juu huko. Nikawaagiza waandike utabiri wao kabla hatujatoka nje. Tuliusugua utepe, tukauviringisha bapa juu ya waya, tukauchaji hasi kivulini na kuutoa uani, chupa ikilikinga jani na upepo. Jua peke yake lililiangusha. Chini ya ukumbi wenye kivuli lilikawia. Nyuma ya kioo cha luva lilikawia zaidi, na wawili kati yao wakaketi sakafuni wakianza kukokotoa ni urefu gani wa wimbi kioo kile kinaanza kuukatia.