Mikono ya Panyabuku

Mwaka 2014 nilikuwa nasoma Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA), Morogoro. Alfajiri moja nilibahatika kuingia uwanja ambako shirika la APOPO hufundisha panyabuku kunusa mabomu ya ardhini. Kazi huanza mapema kwa kuwa ni wanyama wa usiku na jua huwaunguza. Hata saa ile walikuwa wameshapakwa mafuta ya kuzuia jua masikioni na mkiani.

Walimu wawili walisimama huku na huku, kamba imevutwa kati yao. Panya alivishwa mkanda kifuani, akafungwa kwenye kamba ile, akaanza kwenda huku pua imeinamia udongo. Akifika mwisho wanasogea kidogo, naye anarudi.

Mara akasimama. Akanusa tena palepale, kisha akachakura kwa miguu ya mbele, upesi upesi, kama kuku aliyeona mchwa.

"Umeona, mdogo wangu?" mwalimu akaniambia. "Akipita tu, hapana kitu. Akichakura, pana bomu."

Kidude mkononi mwa mwalimu kikalia tik, ishara kwamba amepatia, panya akauacha udongo na kukimbilia ndizi yake. Hana haja ya kulifikia bomu. Uzito wake ni kilo moja na ushei, hautoshi kulilipua.

Alipokuwa anakula nikachutama karibu. Vidole vinne vyembamba, rangi ya waridi, na pale pa gumba kijinundu tu. Alikishika kipande cha ndizi kwa mikono yote miwili, akakigeuzageuza akitafuta pa kuanzia. Udongo mwekundu ulikuwa bado kwenye kucha.

Kwetu kusini mikono hiyohiyo hufukua karanga za watu, nasi tukimkamata ni kitoweo. Lakini mimi nilikuwa namuwaza mjomba. Mama yangu ni Mmakonde, na kaka yake anaishi Cabo Delgado, Msumbiji. Alikanyaga bomu la enzi za vita akienda shamba, akakatwa mguu chini ya goti. Machozi yalinitoka mbele ya walimu wale, wala sikujificha.

Panya waliofundishwa Morogoro walikuwa tayari kazini Msumbiji. Septemba 2015 nchi ile ilipotangazwa kuwa imeondolewa mabomu yote yaliyojulikana, nilimpigia mjomba kabla taarifa ya habari haijaisha. Alitaka nimweleze panya anavyochakura, nikamweleza, akaniomba nirudie ili wajukuu wake nao wasikie.