Kabla Hajasikilizwa

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Somo letu la juma hili ni Matendo ya Mitume 25:13-22. Naomba tukae zaidi na mstari wa 16. Liwali Festo anamsimulia mfalme Agripa jinsi makuhani wakuu na wazee walivyomtaka amhukumu Paulo, naye akawajibu kuwa si desturi ya Warumi kumtoa mtu kabla hajaonana uso kwa uso na washitaki wake na kupewa nafasi ya kujitetea. Festo hakuwa mwamini. Sura inayofuata atamwambia Paulo kwa sauti kuu kuwa ana wazimu. Lakini siku ile desturi ya watu wake ilimkinga mtume wa Bwana.

Zaidi ya miaka 500 baadaye, desturi ile ilikuwa ingali hai, na aliyeishika alikuwa askofu wa Roma. Mwezi Agosti mwaka 603, Papa Gregory Mkuu alimwandikia mjumbe wake John, mwenye cheo cha mtetezi wa Kanisa, aliyetumwa Hispania kuchunguza kesi za maaskofu wawili walioondolewa kwenye viti vyao. Januarius wa Málaga alikuwa amekokotwa kwa nguvu kutoka kanisani. Mwenzake Stephen alilia kwamba amesingiziwa na kuhukumiwa pasipo utaratibu.

Gregory anampa John maswali ya kuuliza. Je, mshitakiwa alikuwepo mashahidi waliposema? Waliapa? Walioshitaki na walioshuhudia ni watu tofauti, au ni wale wale? Hukumu iliandikwa? Yeye mwenyewe alipewa nafasi ya kujibu? Na hao mashahidi ni watu wa namna gani, wana uadui naye? Kisha ananukuu sheria zilizokusanywa na kaisari Justinian miaka 70 hivi nyuma, akitaja kitabu na sehemu yake. Kabla ya kuingia utawani Gregory alikuwa mkuu wa mji wa Roma; alijua jinsi kesi inavyopindwa.

Mojawapo ya vitabu alivyonukuu ni Digesta, mkusanyo wa mwaka 533 wa maneno ya wanasheria wa kale, wengi wao wapagani. Baada ya barua hiyo Digesta inakaribia kutoweka kabisa katika maandishi ya Magharibi hadi karne ya 11. Sheria nyingine za Kirumi ziliendelea kunakiliwa kwa mkono na makasisi na watawa, hata sheria ya Wafaranki wa Ripuari, watu wa Kijerumani wa kando ya mto Rhine, ikasema wazi kwamba Kanisa huishi kwa sheria ya Kirumi. Katika Hispania hiyo hiyo, Isidore, askofu wa Sevilla aliyefariki mwaka 636, alifundisha kwamba sheria haina budi kuwa ya haki, yenye kutekelezeka, na iliyoandikwa kwa faida ya wote, si ya mtu mmoja. Alipowaorodhesha watoa sheria, alimtanguliza Musa, kisha akaendelea na Wayunani na Warumi. Nampenda kwa hilo. Haki aliipokea hata kutoka kwa mikono isiyomjua Mungu wake.

Nasema haya nikiwa na deni. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mzee wa kanisa. Habari za mama mmoja zililetwa barazani na watu wawili, na hao hao wawili ndio waliokuwa mashahidi. Yeye hakuitwa. Tulifungua kwa sala, tukafunga kwa sala, na Jumapili jina lake likasomwa mbele ya usharika kwamba ametengwa. Nami nilinyoosha mkono pamoja na wenzangu. Katika maswali yote ya Gregory, hatukuuliza hata moja. Liwali asiyemjua Kristo alimtendea mfungwa wake vema kuliko sisi tulivyomtendea dada yetu.

Hakurudi tena kanisani. Husali nyumbani kwake.

Jumatano jioni, Mungu akipenda, nitakwenda kumwona. Nitamwomba radhi, kisha nitamwomba anisimulie tangu mwanzo yale aliyokuwa nayo ya kusema siku ile, nami nitakaa nimsikilize mpaka amalize. Mniombee.