Soli imelika, imeliwa na nani?

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Tafakari ya wiki hii nimeipata kwa fundi viatu hapa Moshi mjini. Nilimpelekea viatu vyangu vya ibada nikamwambia naomba soli mpya hizi zimekwisha, akavigeuza akavitazama chini akasema "hazijaisha mama, zimelika upande, wewe unakanyagia nje." Hajawahi kuniona nikitembea yule kijana!

Nikarudi nyumbani na hilo neno. Kulika. Ndani yake kuna kula, kabisa, waziwazi. Sabuni inalika, tairi linalika, panga la kukatia majani ya ng'ombe linanolewa kila siku mpaka linabaki jembamba kama kisu. Udongo wa shamba la mteremko tunasema unamomonyoka, nguo inachakaa, yote ni ya polepole lakini kulika ndo kumenishika, kwa sababu hii: ukisema gunia limeliwa, mtu atakuuliza limeliwa na nani, utajibu na panya. Ukisema soli imelika hakuna anayeuliza. Huwezi hata kusema "imelika na barabara", Kiswahili kinakataa. Mlaji ameshatoka kwenye sentensi, kimebaki kilicholiwa peke yake.

Na sisi tunaongea hivyo hivyo kuhusu roho zetu jamani. Maombi yangu ya alfajiri yalilika. Sikuamka siku moja nikasema leo naacha kuomba, hapana, ilikuwa saa kumi na moja nashika simu niangalie saa tu, halafu meseji moja, halafu magrupu, halafu kumekucha watoto wanataka chai. Dakika tano zilienda, kumi zikaenda, mwaka mzima nikawa nasema "siku hizi maombi yamepungua" kama vile yamejipunguza yenyewe. Ni kama barafu ya Kibo, kile kilele cha Mlima Kilimanjaro, tangu ilipopimwa 1912 zaidi ya asilimia 80 imeshaondoka na sisi tunaoishi chini yake hatujasikia hata kishindo.

Sasa msinielewe vibaya, si kila kulika ni kubaya. Lile panga limelika kwa kazi, na magoti ya mama zetu waliotulea kwa kubeba ndizi hadi sokoni yamelika kwa kazi. Paulo kwenye 2 Wakorintho 4:16 anasema utu wetu wa nje unachakaa na wala halii, kwa sababu wa ndani unafanywa upya siku kwa siku. Hapo kwenye siku kwa siku nilikaa sana, maana kinachonila nacho kinakuja kidogokidogo kila siku, kwa hiyo ile semina ya wiki moja niliyokuwa naingojea inirudishe moto isingeweza kulipa deni la alfajiri mia tatu.

Basi wiki hii nimeacha kusema yamelika, mbele za Mungu nasema yameliwa, halafu namtaja mlaji kwa jina. La kwangu ni simu, sasa inalala sebuleni. Jumatano kwenye jumuiya tusome Zaburi 139 ile mistari miwili ya mwisho, kila mmoja aje na lake, asiyeweza kulisema kwa sauti aje tu tuombe naye. Viatu nimeambiwa nichukue Ijumaa.