Oksijeni kwenye galaksi za Seyfert: kabla hujauamini mstari wa 4363

Ukipima galaksi ya Seyfert aina ya 2 (yenye shimo jeusi hai katikati, lililofichwa na vumbi) ukakuta oksijeni yake ni haba kupita kiasi, kagua kwanza joto ulilotumia. Mara nyingi kosa limejificha hapo.

Njia iliyozoeleka ya kupima joto kwenye mawingu yanayozaa nyota ni kujumlisha mwanga wa mistari ya spektra ya oksijeni yenye urefu wa wimbi wa angstromu 4959 na 5007, kisha kugawanya kwa mwanga wa mstari dhaifu wa 4363. Ukipata 212 hivi, elektroni zina joto la kelvini 10,000. Ukipata 71, ni 15,000. Joto likipanda, oksijeni kidogo tu hutosha kutoa mwanga uleule wa 5007, kwa hiyo joto lililozidishwa huzaa oksijeni iliyopunjwa.

Hesabu hiyo huchukulia kwamba gesi ni nyembamba. Karibu na shimo jeusi, msongamano unaweza kufika elektroni 100,000 kwa sentimita ya ujazo. Hapo migongano huidhoofisha 5007 mapema kuliko 4363: ile 71 inashuka hadi 52, nawe unasoma kelvini 17,500 mahali pa 15,000. Jozi ya salfa, 6716 na 6731, haikuonyi, kwa sababu msongamano ukishapita 10,000 uwiano wake karibu haubadiliki tena. Jozi ya argoni, 4711 na 4740, inafaa zaidi, mradi umeondoa heliamu ya 4713 iliyojichanganya humo.

Mstari wa 4363 wenyewe una majirani wasumbufu: mstari wa hidrojeni uitwao H-gama kwenye 4340 na ule wa chuma karibu na 4359. Toa mwanga wa nyota kabla ya kupima chochote, kisha ipime mistari hiyo kwa pamoja, si mmojammoja. Unaposahihisha vumbi, anza na uwiano wa mistari ya hidrojeni, H-alfa kwa H-beta, wa 3.1, ule wa 2.86 ni wa mawingu ya nyota.

Jambo linalosahaulika mno ni ioni (atomu zilizopoteza elektroni) zisizoonekana. Oksijeni iliyopoteza elektroni tatu haina mstari wenye nguvu kwenye mwanga wa kawaida, lakini heliamu ya 4686 inakuonyesha kwamba ipo. Ikiwa asilimia 20 ya heliamu iliyoionishwa imepoteza elektroni mbili, zidisha oksijeni uliyoipata kwa 1.25.

Mstari wa 4363 usipoonekana vizuri, ni heri fomula za Thaisa Storchi-Bergmann na wenzake za mwaka 1998, zinazotumia mistari yenye nguvu na zilizotengenezwa kwa viini hai vya galaksi kama hizi. Zinafaa kati ya 8.4 na 9.4 kwenye kipimo cha logarithimu cha oksijeni kwa hidrojeni, ambacho Jua lina 8.69. Kila msongamano unapopanda mara 10 juu ya 300, punguza 0.1. Fomula hizo zote mbili hutegemea naitrojeni ya 6548 na 6584, na zimejengwa juu ya dhana kwamba naitrojeni huongezeka pamoja na oksijeni kwa mpango maalumu. Galaksi yenye naitrojeni nyingi isivyo kawaida itaonekana tajiri wa oksijeni bila kuwa hivyo, kwa hiyo pima uwiano wa naitrojeni kwa oksijeni kivyake kabla ya kuandika jibu.